Gari la zamani ni mguu wa kulia

Wanaohamia magari ya zamani kwenye simuleta za mbio (michezo ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa kweli) huanza na swali lilelile: ninunue gia ya mkono ya aina gani? Swali hilo halinisumbui. Mkono una kazi ndogo. Kazi iko kwenye mguu wa kulia, hasa pale unapopunguza gia huku breki imekanyagwa.

Tuseme uko gia ya nne, injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Kwa mwendo uleule, gia ya tatu itataka kama 7,500. Nani atailetea injini hiyo mizunguko iliyopungua? Usipopiga resi, zitaileta tairi za nyuma, na wakati huo breki imeshahamishia uzito mbele, nyuma pepesi. Tairi zinafunga ghafla, gari linageuka. Wengi hulalamikia marekebisho ya gari au tairi baridi, kumbe ni klachi iliyoachiwa bila resi.

Lotus 49, gari la Formula 1 la miaka ya 1960, ni mwalimu mkali wa jambo hili. Dereva Jim Clark alishinda nalo kwenye uwanja wa Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1967, katika mbio za kwanza kabisa za gari hilo, likiwa na injini ya Cosworth DFV ya lita 3 yenye nguvu farasi zipatazo 400 na bila bawa hata moja la kuligandamiza chini. Anayetoka kwenye magari yanayobadilishwa gia kwa vibonyezo vya usukani, teknolojia ambayo Ferrari iliiingiza Formula 1 mwaka 1989, hufika kwenye Lotus akiwa amezoea kompyuta impigie resi. Ndiyo maana nasema kati ya misaada ambayo simuleta humpa dereva, wa kwanza kuzima ni huo wa resi ya kujiendesha, hata kabla ya ule wa klachi.

Kupandisha gia si tatizo. Giaboksi za mbio zenye meno makubwa yasiyo na vifaa vya kusawazisha kasi, kama za kampuni ya Hewland, hupokea gia ya juu ukilegeza mafuta kidogo tu, hata bila klachi.

Kushuka ndiko kwenye utamu. Kanyaga breki kwanza, kwa nguvu, na usiguse gia mpaka mwendo upungue kweli. Kosa ninaloliona sana kwenye marudio ya mbio ni gia ya pili kuingizwa mapema, injini ikapitishwa kikomo. Mbele ya mguu inabaki kwenye breki, ubavu au kisigino kinagonga mafuta, klachi inaachiwa resi ikiwa bado juu. Mgongo wa jambo ni breki isiyotikisika wakati kisigino kinacheza. Pedali laini ya bei nafuu haisaidii hapa: huzama sana, mguu ukabaki chini ya usawa wa pedali ya mafuta. Ile inayopima nguvu ya mguu badala ya umbali wa kuzama ni bora zaidi, na ningeweka pesa hapo kabla ya kununua gia yoyote. (Na funga kiti. Kiti chenye magurudumu kitarudi nyuma kila kona.)

Faida moja ya gia ya mkono naikubali: unaweza kuruka kutoka ya tano hadi ya tatu bila kupitia ya nne, ukapiga resi moja kubwa badala ya mbili.

Kuna wanaokwepa shida yote hii. Wanakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, wanapiga resi kwa wa kulia, na klachi hawaigusi kabisa. Kwenye giaboksi ya meno makubwa hilo linafanyika, na mara nyingi ni la haraka. Wapenda uhalisia huliita udanganyifu. Mimi siliiti hivyo, maana resi bado wanaipiga wenyewe, na wakiikosea tairi za nyuma zinawafunga vilevile.