Kabla hujang'oa gego, lichunguze taya

Hapa Malindi mtu akilalamika kuumwa na taya hupewa jibu moja kati ya mawili: ni jino, au ni sikio. Likiwa jino, ling'olewe. Likiwa sikio, litiwe matone, na matone yakikosekana, mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Nimechoka na majibu haya kwa sababu nimeona yakila magego ya watu bure. Jirani yangu wa Maweni, mama wa makamo anayeuza mahamri, aling'olewa magego mawili ya upande wa kulia, moja baada ya jingine, na maumivu yakabaki palepale. Mpaka alipopatikana mtu wa kumbonyeza kidogo mbele ya sikio na kumwambia, "Hebu fungua kinywa, mama." Akaruka. Ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo cha taya na misuli yake, na magego yale hayarudi tena.

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio yako, kisha fungua kinywa polepole na ukifunge. Kinachosogea chini ya vidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Kinakaa ndani ya kishimo kwenye fuvu, na katikati yake pana kisahani laini kinachozuia mfupa usisagane na mfupa. Kiungo hiki hakizunguki tu kama bawaba ya mlango. Ukifungua kinywa sana, kichwa cha mfupa huteleza kwenda mbele pamoja na kile kisahani. Kisahani kikichelewa au kikitangulia, unasikia "ta!" ndani ya sikio. Mlio huo peke yake, bila maumivu na bila kinywa kukwama, hauhitaji dawa. Watu wengi wanao maisha yao yote na hawaumwi. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na wasichana wanaokosa usingizi kwa hofu ya mlio tu.

Kwa nini basi jino na sikio ndivyo vinavyosingiziwa? Hisia za meno, za taya, za kiungo hiki na za sehemu ya sikio hupita katika neva moja, ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Ubongo hupokea habari ya maumivu bila kujua vizuri imetoka nyumba gani katika mtaa huo. Mwaka 1934 daktari wa masikio huko Marekani, James Costen, aliandika kuhusu wagonjwa waliomjia na matatizo ya masikio ilhali yeye aliona chanzo ni kiungo cha taya. Maelezo yake mengine juu ya sababu yamekuja kupingwa, lakini hilo la sikio kubeba lawama za taya limebaki kweli. Karibu miaka mia moja baadaye sisi bado tunamimina mafuta masikioni. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta hayo yanaweza kuleta madhara makubwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wa pwani tunalizungukazunguka. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha kama miraa, na Kilifi yetu ikafuata, mjadala uliwaka nchi nzima mpaka mahakama ya Embu ikasimamisha amri zile. Tulisikia habari za ndoa kuvunjika, watoto kuacha shule, na riziki ya wakulima wa muguka wa Mbeere, huko Embu. Yote yana uzito wake. Lakini sikumsikia mtu akizungumzia taya, na taya ndilo linalofanya kazi yote. Pita maskani yoyote ya tuk-tuk alasiri uangalie. Majani yanafinyangwa na bigijii au njugu, donge linasukumwa kwenye shavu moja, na kutafuna kunaendelea saa baada ya saa, upande uleule. Mlo wa kawaida hauchukui hata nusu saa. Misuli ya shavu la upande huo hunenepa ikaonekana kwa macho, na asubuhi kinywa hufunguka kwa taabu.

Si kutafuna peke yake. Muguka na miraa zina kathinoni, kichangamshi kinachokaza misuli na kufukuza usingizi. Kijana anapolala hatimaye, anasaga meno. Kwa hiyo taya linatumikishwa mchana, na usiku ambao lingepumzika linatumikishwa tena. Simhukumu anayekula. Natamani tu ajue kwamba kichwa kinachomgonga kila asubuhi penye panja huenda hakitokani na jua wala na malaria.

Wasiokula muguka nao wana njia zao. Wavuvi hukata mshipi kwa meno. Mafundi cherehani hukata uzi. Kuna wanaofungua soda kwa magego mbele ya wageni na kuonekana mashujaa. Kuna wale ambao wasiwasi wa karo na kodi ya nyumba huwakalia tayani, wanauma meno mchana kutwa bila kujua. Wanawake huugua zaidi ya wanaume, hasa kati ya miaka 20 na 40, na katika mitaa yetu ndio hao hao wanaoambiwa, "Ni mawazo tu, tulia."

Wazee wanaotafuna tambuu niwaweke kando, maana yao ni habari nyingine na nzito zaidi. Popoo inayofungwa ndani ya jani inaweza kuufanya utando wa ndani ya mashavu uwe mgumu na mweupe, kinywa kikazidi kufumba mwaka hadi mwaka. Hali hiyo inaweza kugeuka saratani, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja popoo kuwa kisababishi cha saratani mwaka 2004. Kama mzee wako hawezi tena kuingiza vidole vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya mbele, usimkande. Mpeleke hospitali.

Kwa walio wengi, ambao tatizo lao ni kiungo kilichochoshwa, nafuu huja kwa mambo ya kawaida, na hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe. Taya lipumzishwe kama tunavyopumzisha mguu ulioteguka. Wiki chache za chakula laini zinatosha kwa wengi, na pwani hatuna shida ya chakula laini: sahani ya futari ndiyo tiba yenyewe, uji, tambi, viazi vya nazi, samaki wa kupaka. Mabuyu, miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii viwekwe mbali. Ukipiga mwayo, zuia kidevu kwa mkono kinywa kisipanuke mno.

Kukanda kunasaidia sana. Taulo ya maji moto, iliyokamuliwa, iwekwe shavuni dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, kisha misuli ichuliwe taratibu kwa vidole viwili. Parasetamoli au ibuprofeni ya siku chache inafaa, ila ibuprofeni inywewe baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo au mjamzito asiiguse bila kumuuliza daktari.

Halafu kuna zoezi ambalo ningependa lifundishwe kila mahali. Tamka herufi "n" na uuache ulimi pale ulipogusa, nyuma ya meno ya mbele ya juu. Midomo ifumbe, meno yaachane. Hayo ndiyo makao ya taya, maana meno ya juu na ya chini hayana haja ya kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Kila simu ikilia, jikague. Ukikuta umeyauma, yaachie. Mara chache kwa siku, mbele ya kioo, ulimi ukiwa palepale, fungua kinywa polepole na kwa mstari ulionyooka, kisha funga. Jirani yangu ndivyo anavyofanya akisubiri mafuta yachemke, na siku hizi anakula mkate bila kuulowesha chai.

Mambo haya si tiba za bibi tu. Mwaka 2023 jopo la wataalamu lilichapisha katika jarida la tiba la BMJ mwongozo kuhusu maumivu sugu ya taya. Lilipendekeza kwa nguvu mazoezi ya taya yenye msimamizi, kuchuliwa misuli, na tiba ya mazungumzo ya kumsaidia mgonjwa kubadili mwenendo na kupunguza msongo. Lilipinga kwa nguvu kukata na kuondoa kile kisahani. Kwa maneno mengine, anza na kinachoweza kurudishwa nyuma. Kung'oa jino zima, kulisaga lipungue au kufanya operesheni hakurudishwi nyuma. Sielewi kwa nini mtu aanze na hayo kabla hata ya kumwona mhudumu wa fiziotherapia, ambaye tumezoea kumpelekea migongo na waliopooza peke yao.

Zipo ishara ambazo hazingoji taulo wala uji. Taya linalouma ukipanda ngazi, pamoja na kifua kubana au jasho jembamba, linaweza kuwa moyo. Uvimbe na homa, au shavu kufa ganzi, ni vya hospitali siku hiyohiyo. Aliyechomwa na msumari au matumbawe, kisha baada ya siku kadhaa taya likaanza kukaza, afikiriwe pepopunda kwanza. Na kinywa kikibaki wazi baada ya mwayo, msimruhusu mtu wa mtaani kukisukuma. Njia ya kulirudisha taya inajulikana tangu zama za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, lakini inataka mikono iliyofunzwa.

Nimalizie kwenye kiti cha daktari wa meno, maana huko ndiko wengi mtakakofika. Kabla ya sindano ya ganzi, omba uonyeshwe jino lenyewe: tundu liko wapi, ufa uko wapi, picha inaonyesha nini? Mwombe agonge jino aone kama ndilo linalouma, kisha abonyeze mbele ya sikio na kwenye misuli ya shavu, na apime kinywa chako kinafunguka kiasi gani. Kama jino halina kasoro na maumivu yako mbele ya sikio, mwambie ungependa kuliacha jino kwanza.