Deni nililolipa 2021 bado lina afya njema CRB

Ijumaa moja nilikuwa kwenye matatu, redio juu kama kawaida, na mtaalamu mmoja wa fedha akawa anatueleza kwamba Wakenya wanajaa CRB, yale mashirika yanayotunza rekodi za wanaodaiwa, kwa sababu hawana nidhamu ya pesa. Mtangazaji akacheka. Mimi nimepakata bahasha ya kaki yenye kurasa kumi na saba za kuonyesha kwamba sidaiwi na mtu, natoka ofisi ya tatu wiki hiyo. Nilishuka steji moja kabla ya yangu, hasira zikifukuta hadi miguuni.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa nane niliomba mkopo benki ninunue mashine mbili za kushona, moja ya oveloki na moja ya mshono wa moja kwa moja, kwa sababu msimu wa sare za shule unakuja na mafundi wangu wanapokezana cherehani moja kama ndoo ya bombani. Kijana wa mikopo aliingiza namba ya kitambulisho changu, akanyamaza, kisha akaigeuza skrini kidogo nisiione. "Mama, sistimu imekataa. Uko CRB." Alisema polepole, vile watu hutaja ugonjwa wa aibu mbele ya wageni. Nilimwambia haiwezekani. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. Bila shaka kila anayeambiwa hivyo husema haiwezekani.

Nikabonyeza *433#, namba ya Metropol, usiku huo huo. Nikachukua na ripoti za zile mbili nyingine, kwa sababu tuna mashirika matatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na usijidanganye kwamba ukiona moja umeona zote. Kwangu mimi mbili zilikuwa na deni, ya tatu ikanionyesha mtakatifu. Deni lenyewe: KSh 4,860, mkopo wa simu wa benki moja ambayo sitaitaja, siku za kuchelewa zaidi ya elfu moja na mia nne.

Sasa, mkopo huo niliulipa Juni 2021. Naukumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa wiki ya zamu yangu ya kupokea pesa za chama chetu cha kuchangishana, na mtu akipokea chama hulipa vidogo vidogo vyote vinavyomnyima usingizi. Nikatafuta ujumbe wa M-Pesa, nikaupata. Pesa zilitoka, benki ikapokea. Ila kwenye sehemu ya namba ya akaunti nilikuwa nimeandika namba ya simu badala ya namba ya kitambulisho. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri hapa mbele ya kadamnasi. Pesa zangu zikaenda kukaa kwenye akaunti yao ya pesa zisizo na mwenyewe, na zimekaa humo miaka minne, zimetulia, wakati jina langu linatangatanga na sifa ya mtoro wa madeni.

Nikaenda kwenye benki hiyo. Dada wa dirishani akaniambia, "Mambo ya CRB, mama, nenda CRB." Nikaenda. Kule nikaambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba wao hawaandiki chochote, wanapokea tu kile walicholetewa, kwa hiyo nirudi kwa aliyenikopesha. Nikarudi. Nikaambiwa nilete taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Nikauliza miezi sita ipi, maana malipo ni ya siku moja na nimeshika ushahidi wa siku hiyo. Utaratibu, nikaambiwa. Nikaleta ya miezi sita. Nikaambiwa haina muhuri.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kisa kama changu mnacho wengi wenu, na kila mara tunakizungumza kana kwamba ni ajali. Si ajali. Aliyenipeleka CRB hakuulizwa muhuri. Hakuulizwa kama amepekua akaunti yake mwenyewe kuona kama pesa za yule mama zimeingia. Alipakia faili moja yenye majina ya maelfu, akabonyeza kitufe, akaenda chai. Kanuni zinamtaka anipe notisi ya siku thelathini kabla ya kunipeleka. Wanasema walituma ujumbe. Kwa laini gani? Laini niliyoiacha. Basi wakahesabu kwamba nimejulishwa, sawa na mtu anayenong'ona kisimani kisha akadai ametoa tangazo la kijiji.

Lakini mimi, ili jina langu litoke, lazima nifunge duka, nipande matatu, nipige foleni, nichape, nigonge muhuri, niandike barua ya malalamiko, nisubiri. Yeye kuandika uongo kulimgharimu sekunde moja, mimi kuufuta kumenigharimu siku tisa za kazi. Na ukweli ukidhihirika, sijaona akitozwa hata shilingi. Haombi radhi. Hakuna anayemkata alama yeye. Sisi tuna alama, Metropol wanatupima kuanzia 200 hadi 900, kila siku ya kuchelewa inaandikwa. Mkopeshaji anayewasilisha takwimu mbovu ana alama ngapi? Tungeona basi, mtu akitaka kukopa aangalie kwanza benki fulani imekosea majina mangapi mwaka huu, na imechukua siku ngapi kurekebisha. Ningefurahi sana kumgeuzia skrini kidogo meneja wao asiione.

Mzigo wa ushahidi uko upande usiofaa, ndiyo shida yangu yote. Ukinidai, thibitisha. Ukishindwa, ondoa, kisha tuendelee kubishana jina langu likiwa nje. Sasa hivi ni kinyume chake: nafungwa kwanza, nathibitisha nikiwa ndani.

Mtaniambia Benki Kuu imejitahidi. Haya, imejitahidi. Mwaka 2020 iliwafungia nje wale wakopeshaji wa programu za simu waliokuwa hawana leseni, waliokuwa wakimpeleka mtu CRB kwa deni la shilingi mia mbili, na ikasema chini ya KSh 1,000 usimpeleke mtu. Hilo lilikuwa jambo jema na nililishangilia. Novemba 2022 ukaja ule mpango wa kusafisha majina ya watu wapatao milioni 4.2 wenye mikopo ya simu, ukilipa nusu unasamehewa nusu, mwisho 31 Mei 2023. Shemeji yangu, aliyekopa programu kumi na moja kwa mwezi mmoja na ambaye mpaka leo huzima simu ikifika tarehe tano, alisamehewa nusu. Mimi niliyelipa yote nilikuwa bado nimo ndani na sijui. Sikuwa na cha kusamehewa, unaona.

Na kwa kuwa nimemtaja shemeji, nitakubali pia hili, ingawa linanikwama kooni: kuna watu wanaokopa wakiwa hawana nia ya kulipa, na bila CRB sisi ndio tungewalipia kupitia riba. Tena zamani ukienda benki bila hati ya shamba ulikuwa hutazamwi mara mbili. Historia nzuri ya malipo ingepaswa kuwa hati yetu sisi tusio na shamba. Ingepaswa. Mimi nimelipa mikopo miwili mikubwa ya sacco bila kuchelewa hata siku moja, na sijawahi kusikia mtu akinishushia riba kwa sababu hiyo.

Kuhusu waajiri wanaodai cheti cha CRB cha kutodaiwa kwa kijana anayetafuta kazi ya kwanza, nitaandika siku nyingine nikiwa nimekunywa maji. Alipe deni kwa mshahara upi? Ila vijana wangu, mjue cheti cha kwanza kabisa ni bure tangu kanuni za 2020. Mtu asikuchomoe shilingi 2,200 kwenye saiba kwa kitu ambacho ulipaswa kupewa bila malipo.

Na ripoti yenyewe una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika. Ichukue ukiwa huna shida. Tatizo letu ni kwamba tunakwenda CRB kama tunavyokwenda kwa daktari wa meno, shavu likiwa limeshavimba. Ukiipata, usiishie kwenye alama. Soma akaunti moja moja, namba ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu, tarehe ya malipo ya mwisho, salio. Na barua ya malalamiko ipeleke kote kuwili, kwa shirika na kwa mkopeshaji, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mimi ya kwanza niliongea kwa mdomo. Wiki mbili zikapotea, kwa sababu maneno ya mdomo hayana namba ya faili. Kilichowaamsha ni pale nilipoandika kwamba sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inanipa haki ya kusahihishiwa taarifa za uongo kunihusu, na kwamba nakala inaenda kwa Kamishna wa Data. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na mtu mwenye cheo. Akaniita madam.

Basi wamerekebisha. Wiki iliyopita nilichukua ripoti mpya, salio sifuri, hali: imelipwa. Nilimpigia mume wangu kelele dukani hadi mteja akamwaga vifungo. Kisha nikavaa miwani nikaisoma tena.

Tarehe ya kulipwa wameandika ya mwezi huu. Wameandika siku waliyoziokota pesa zangu kwenye akaunti yao, badala ya Juni 2021 nilipozituma. Na taarifa mbaya hukaa kwenye rekodi miaka mitano tangu deni lilipolipwa. Ingehesabiwa kwa haki, ingefutika Juni 2026. Kwa tarehe yao, nitakuwa nayo hadi 2030, ikisema kwamba yule mama mwenye cherehani alichelewesha shilingi elfu nne mia nane na sitini kwa miaka minne.

Barua ya pili nimeshaichapa. Jumatatu nafunga duka saa tatu. Wateja wa sare, nawaomba mje mchana.