Daraja Halina Kivuli

"Mama, hapa uswahilini bwana!" Binti aliyesema hivyo alikuwa amevaa joho, na mama yake alikuwa ameuliza jambo dogo tu: kwa nini asipigwe picha kwanza pale pale Manzese, kwenye kibaraza cha nyumba aliyokulia, ndipo twende Daraja la Tanzanite? Mama akanyamaza. Gari la kukodi lilishafika, na saa saba mchana tukawa darajani, mimi mpiga picha wao nikiwamo. Wiki nzima jambo hili limenikereketa, kwa sababu mama yule alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi hata kwa hesabu ya mwanga.

Daraja lile ni kilomita moja na ushee juu ya bahari. Chini zege jeupe, nyuma anga tupu, pembeni maji yanayometameta. Hakuna mti wala paa. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, na Novemba, watu wanapovaa majoho, linakuwa halijasogea mbali. Mwanga wa utosini hutia kivuli machoni na chini ya pua. Hapo hapo kamera inaliona anga linavyong'aa, inapunguza mwanga wa picha nzima, na uso mweusi unazama. Kisha mpiga picha anarudi nyumbani, anaung'arisha uso kwenye kompyuta mpaka unakuwa kama umepakwa majivu. Binti mwenye rangi nzuri ya kahawia anapelekewa picha ya mtu mwingine, na ndugu wanamsifia kwamba amekuwa mweupe. Hili linaniuma kuliko lolote katika kazi hii. Tunawavua watu rangi zao kwa sababu tu tumewasimamisha pasipofaa.

Sasa kitazameni kile kibaraza. Bati limetokeza mbele na kulikata jua la juu. Nyuma kuna ukuta wa bluu iliyopauka, au mlango ulio wazi wenye giza la ndani, kwa hiyo hakuna kinachogombana na uso. Mbele kuna uwanja wa mchanga uliopigwa jua, na mchanga huo unarudisha mwanga laini hadi mashavuni na machoni. Ng'ambo ya kichochoro pakiwa na ukuta mweupe wa jirani, ni heri zaidi. Ukikosekana, mdogo wake ashike shuka jeupe. Mtu asimame hatua moja ndani ya kivuli, aelekee penye uwazi, na picha itatoka hata saa saba mchana.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alifungua studio yake nyumbani mwaka 1948, akawa anawapiga watu picha uani, kwa mwanga wa jua, nyuma yao kitambaa chenye maua. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Picha zile leo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na hakuna anayeuliza daraja liko wapi.

Najua mteja anataka kuonekana mahali pengine, na hamu hiyo siidharau. Miaka ya tisini, pale kivuko cha Likoni, Mombasa, kulikuwa na vibanda vya picha vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, watu wakajipiga nazo kwa furaha. Lakini pazia lilikuwa pazia, na kibanda kilikuwa na kivuli. Na sawa, nakubali, saa kumi na mbili kasoro jioni, jua likishukia upande wa mji, daraja letu linapendeza. Ila jua la huku huzama wima, ule mwanga wa dhahabu unapita upesi, na upepo wa bahari haumwachii bi harusi shela lake.

Mkitaka mjini, nendeni Posta Jumapili asubuhi na mapema. Mtaa wa Samora unakuwa mtupu, maduka yamefungwa, na majengo yake yanatupa kivuli kipana cha kutosha familia nzima. Msalimieni mlinzi na kumwomba kabla ya kutoa kamera. Karibu na Ikulu msiitoe kabisa.

Lakini kwanza nyumbani. Binti yule alisomeshwa kwa maandazi yaliyokaangwa kwenye kibaraza kile, na mama alitaka picha ya mwanawe na joho lake mahali ambapo jasho lake lilimwagika. Kumnyima hilo kwa ajili ya nguzo za zege ni kumkosea heshima, na sisi wapiga picha ndio tuliowafundisha watoto kwamba mtaa wao haufai kuonekana.

Kwa hiyo mwenye mahafali mbele yake amuulize mpiga picha wake: tutapiga saa ngapi, na uso utaelekea wapi? Akitaja jina la mahali kabla hajataja saa, mtafute mwingine.