Kwanza Nilipwe

Juzi kanijia mpwa wangu barazani, hapa Jang'ombe, Zanzibar, katoka semina. Kavaa fulana ya kijani, kapakata mkoba wa kitambaa, na mkononi chupa ya maji ya plastiki.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, lazima sote tupunguze hewa ukaa."

Marahaba. Na wewe umekuja na nini? Kaja na gari ya kuazima, eisi imewaka, na kaiacha inanguruma mlangoni isije ikaingia joto.

Haya, akaanza kunisomea. London, tangu 2003, mwenye gari akitaka kuingia katikati ya mji analipia. Nikamwambia, mwanangu, mie sijaingia Darajani na gari yangu tangu nizaliwe, na hakuna aliyenilipa hata senti. Akasema Copenhagen watu na suti zao wanakwenda kazini kwa baskeli. Sasa mie nakwenda na nini, ngamia? Tafauti ni kwamba huko mpanda baskeli anaitwa mtu anayejali mazingira, hapa mama mkwe wangu ananiita masikini wa Mungu. Na wenzetu wana njia yao ya baskeli. Mie njia yangu ni ile nafasi iliyobaki baina ya daladala na ukingo wa mtaro.

Aliponambia New York tangu 2009 wanapaka mapaa rangi nyeupe ili jua lirudi lilikotoka, kahawa ilinipalia. Bibi yangu akipiga chokaa nyumba kila ikikaribia Sikukuu, wala hakwenda semina! Hebu ingia nyumba ya zamani Mji Mkongwe: kuta za mawe na chokaa, unene dhiraa nzima, nje kichochoro chembamba jua halipati pa kukanyaga. Mchana unalala na shuka. Sisi tukaona huo ushamba. Tukajenga matofali ya saruji, juu bati, na sasa saa nane mchana chumbani kwangu mkate unaiva bila ya moto. Mwanangu anasema dawa yake eisi. Eisi yenyewe inapoza chumba, joto inamtemea jirani. Jirani naye atanunua yake. Mtaa mzima turushiane joto kama mpira.

Kisha nikasikia la kunifurahisha. Mmarekani mmoja, kwa wastani, anatoa kiasi cha tani 14 za hewa ukaa kwa mwaka. Mtanzania hata nusu tani hafiki. Nikakaa vizuri, nikajiona bwana mkubwa. Bi mkubwa akadakia kutoka uani:

"Basi waambie wakulipe hiyo tafauti tununue gesi! Macho yameniiva kwa moshi!"

Hapo nilinyamaza. Mpwa akapata nguvu, ati mkaa unamaliza miti. Najua. Lakini mkaa nauziwa kopo moja, la wali wa leo. Gesi nani atanikatia ya wali wa leo?

Nisichokicheka ni masika. Maji yanaingia kwangu bila ya hodi, yanakaa siku mbili kama mgeni wa harusi. Mwaka juzi kitanda nilikipandisha matofali mawili, mwaka huu manne. Mpwa akasema hiyo inaitwa kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mie naiita kupanda kitanda kwa ngazi. Mtaro tunao, umejaa pampasi na chupa. Mifuko ya plastiki tulishaipiga marufuku tangu 2006, sijui chupa ziliombewa na nani. Halafu tujiulize, huku kwetu panaitwa Ng'ambo, ni ng'ambo ya nini? Si pale Darajani palikuwa na mkono wa bahari? Tukaufukia, tukajenga, lakini maji hayakupewa taarifa.

Magharibi ikakaribia, mpwa akaaga. Kaingia garini, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Saa nzima ilikuwa ikichoma mafuta pale mlangoni kwa ajili ya kupoza viti. Akarudi kainamisha kichwa, kashika dumu la lita tano.

"Mjomba, niazime baskeli nifike sheli."

Nikaitoa, nikaifuta vumbi, nikaishika usukani kwa mkono mmoja. Ule mwengine nikamkunjulia kiganja.

Gari imeingia katikati ya mji. London si wanalipa?