Pointi Sita na Sahani za Madondo

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu ilitetemeka juu ya kigoda, nikajua si jambo la heri. Habari njema hainiamshi mimi, hunikuta nimeshakunywa chai. Nikafungua jicho moja tu, maana stima ilipotea tangu jana usiku na la pili halikuwa na kazi. Ujumbe ulitoka kwa katibu wa ligi yetu ya mtaa: "Kufuatia madeni, timu yenu imekatwa pointi sita. Asanteni kwa ushirikiano."

Ushirikiano upi? Mimi nilikuwa nimelala.

Tulikuwa na pointi 19, nafasi ya nne, nasi tunahesabiwa miongoni mwa watu. Sasa tuna 13 na tunachungulia shimo la kushuka daraja. Niseme mapema kabla mtu hajaninyoshea kidole: mweka hazina wa timu ni mimi. Cheo hiki nilikabidhiwa 2022 kwa sababu mkutanoni mimi peke yangu nilikuwa na biro. Hazina yenyewe ni mkebe wa majani chai, na ukiutikisa hausemi kitu.

Madeni yetu si siri. Refa, mechi tatu, shilingi 1,500. Mama Chapo, chakula cha vijana, 2,340. Fundi wa jezi, 7,200, na hapo ndipo roho inaponiuma. Mwaka huohuo wa uchaguzi alikuja bwana mmoja anautaka udiwani, akatupiga mabega, akasema, "Agizeni jezi, bili nileteeni." Tukaagiza. Jina lake likachapwa mgongoni, kubwa kuliko namba. Kura zikahesabiwa, akawa wa tano, na kuanzia jioni ile simu yake haipatikani. Vijana wanakimbia mpaka leo na jina la mdaiwa mgongoni. Yeye hajakatwa pointi hata moja. Nasikia 2027 anarudi, na chama kingine.

Basi nikaamua kukata rufaa. Ada ya rufaa ni shilingi 2,000. Isome tena hiyo, polepole. Ili usikizwe kwamba huna pesa, unalipa pesa kwanza. Nikazitoa kwenye kodi ya nyumba, nikajiambia Mungu yupo, na mwenye nyumba huwa haji kabla ya tarehe tano.

Kikao kikawekwa Jumamosi saa nne, hapa hapa Kayole, Nairobi, kwenye hoteli ya Mama Chapo, kwa kuwa ligi haina ofisi. Nilifika saa nne kamili nimevaa koti, hilo la mazishi na mahafali. Kamati ikafika saa tano na nusu, watu watatu. Mwenyekiti alikuwa na faili nene kwapani. Alipolifungua, ndani mlikuwa na karatasi moja, na karatasi yenyewe ni ratiba ya mwaka jana.

"Mzee wa hazina," akasema, "kabla hatujaanza, wazee wamefunga safari."

Nikajua. Mjumbe wa tatu, ambaye hakutamka neno lolote la kisheria mpaka mwisho, alikuwa tayari amegeukia jikoni kuagiza maharagwe. "Mama, madondo nne. Chapati anza na sita, tutaona tunavyoendelea. Andika kwa timu."

Kwa timu! Timu inayoshtakiwa kwa kukopa, kikao kimefunguliwa kwa kuikopesha zaidi.

Mwenyekiti akapangusa masharubu. "Mambo haya hatukuyabuni sisi," akasema. "Hata Uingereza yapo. Everton walikatwa pointi kumi, Novemba 2023. Wewe ni nani?"

Nami sikuwa nimekuja mikono mitupu. Mpwa wangu ana simu ya kioo kizima, na usiku kucha tulikuwa tunasoma mpaka chaji ikaisha. Nikamwambia, "Mwenyekiti, malizia hadithi. Februari 2024 Everton walikata rufaa, kumi zikawa sita."

"Halafu Aprili wakakatwa mbili nyingine."

Hilo sikulitarajia. Yeye naye kumbe ana mpwa.

Nikabadilisha njia. Nikamwambia habari za Wigan mwaka 2020: mmiliki mpya aliichukua klabu, na hata mwezi haukwisha, klabu ikatangazwa imefilisika, ikakabidhiwa msimamizi, ikanyang'anywa pointi 12 na kushuka daraja. Zile pointi kumi na mbili wangebaki nazo wangekuwa katikati ya jedwali wamekunja nne. Nani alikosa? Kipa? Derby nao msimu wa 2021/22 walikatwa pointi 21, Wayne Rooney akiwa kocha, akasukuma lile gari bovu mlimani msimu mzima, na bado wakashuka. Luton, 2008, wakakatwa 30. Thelathini! Waliuanza msimu wakiwa chini ya sifuri, yaani ushinde mechi kumi ndipo ufike mahali ambapo hujacheza. Mimi maisha hayo nayajua, ndivyo mshahara wangu unavyoingia.

"Na wote hao," nikasema huku koti linanibana, "aliyekopa ni mwingine, aliyekatwa ni mwingine."

Mjumbe wa tatu akaagiza chapati mbili.

Hapo Mwenyekiti akanijibu, na jibu lake linanikera mpaka sasa kwa sababu lilikuwa na maana. Akasema, "Unajua kwa nini waliiweka hiyo sheria? Mwaka 2002 Leicester City walifilisika, wakabaki na wachezaji wazuri, na msimu ukiisha wakapanda ligi kuu. Madeni yakapigwa panga, na timu zilizokuwa zikilipa madeni yao zikabaki zinawatazama kisogo. Ndiyo ikaja sheria 2004, pointi kumi. Sasa wewe. Wale wa mtaa wa Soweto walimlipa refa wao kwa kuokota na kuuza chupa za plastiki. Nyinyi hamkumlipa refa, na mkawafunga tatu bila. Nikawaambieje?"

Nikakoroga chai. Haikuwa na sukari, lakini nikakoroga.

"Tena Leeds," akaongeza, sasa amenogewa, "2007 walingoja mpaka waone wanashuka hata hivyo, ndipo wakatangaza wamefilisika, zile pointi kumi zikawa zimempiga maiti. Msimu uliofuata wakaanza na kumi na tano pungufu. Wajanja wako kila mahali, mzee wa hazina."

Alivyoniangalia alipotamka "wajanja"! Mimi! Mtu ambaye mkebe wake wa hazina una panya.

Wakati huo Mama Chapo alikuwa amesimama juu yetu na sufuria, kitambaa begani, anasikiliza. Akauliza, "Samahani, wazee. Hizo pointi sita mlizowakata hawa watoto, ziko wapi?"

"Zimefutwa, mama."

"Zimefutwa. Kwa hivyo sipewi mimi?"

"Mama, pointi si pesa. Ni adhabu."

"Mimi ndiye ninayedai. Wanaadhibiwa kwa sababu ya unga wangu, na unga haurudi?"

Kamati ikatazamana. Katibu akaandika kitu kwenye ile ratiba ya mwaka jana.

Nikaona ni nafasi yangu, nikajitosa, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikamweleza habari za Portsmouth, nikidhani namsaidia. Mwaka 2010, timu ya kwanza kufilisika ikiwa ndani ya ligi kuu ya Uingereza, wenye klabu wanne katika msimu mmoja, deni zaidi ya pauni milioni 100. Wakakatwa pointi tisa, wakashuka, na mwezi wa Mei wakacheza fainali ya Kombe la FA na Chelsea, wakafungwa moja. Fikiria: mufilisi, lakini fainali wamefika. "Na kule, mama, wachezaji na klabu nyingine hulipwa deni lote, ndiyo kanuni yao ya soka. Wengine wote, mpaka watu wa huduma ya kwanza wanaobeba majeruhi, waliahidiwa peni ishirini kwa kila pauni."

"Ishirini kwa mia?"

"Eeh."

Mama Chapo hana kikokotoo, ana midomo. Ikatembea kidogo, kimya. "Elfu mbili mia tatu na arobaini... mia nne sitini na nane." Akaweka sufuria chini. "Mia nne sitini na nane ni nini, mzee? Gesi? Ndiyo hiyo uliyokuja kuniambia na koti lako?"

Nikamwambia ni mfano tu. Akasema mifano niende nikampe mke wangu ale.

Mfano wenyewe, nikifikiria, hata hapa nyumbani tunao, ila sisi hatuna haja ya kukata pointi. Sisi tunaiacha timu ikose nauli. Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, waliondolewa ligi kuu yetu 2019 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zao, basi, kwisha, miwa ikabaki shambani.

Kamati ikanong'ona dakika kumi, sita kati ya hizo zikiwa za mayai ya kuchemsha. Mwenyekiti akasimama, akafunga kifungo. "Kwa kufuata mfano wa Everton, rufaa imekubaliwa kwa sehemu. Pointi sita zinakuwa nne."

Nikawashika mikono. Nilitabasamu hata. Nilijiona wakili. Wakaondoka, na mjumbe wa tatu akaondoka na chapati moja kwenye gazeti.

Kisha Mama Chapo akaniletea hesabu. Chapati kumi na moja, 220. Madondo, sahani nne, 200. Chai sita, 120. Mayai mawili, 50. Jumla 590, kwa jina la timu. Deni lake sasa 2,930.

Nikakaa. Nikachukua ile biro iliyonipa cheo. Rufaa 2,000, chakula 590: shilingi 2,590 kwa pointi mbili. Pointi moja 1,295. Refa anachukua 500 kwa mechi. Ndugu zangu, kwa pesa hiyo ningemlipa refa deni lake lote, nikamlipa na mechi mbili zijazo, nikabaki na 90 ya kununua mkate, na kusingekuwa na kesi! Hakuna hata mtu mmoja kwenye ile meza aliyeliona hilo. Wazee wazima wanne! Na mimi ndiye mweka hazina! Nilipiga meza mpaka chumvi ikaruka, Mama Chapo akasema chumvi ni shilingi kumi.

Njiani nikakutana na mshambuliaji wetu, kijana wa mjengo, saruji mpaka kwenye kope. Alikwishasikia. Hakuuliza habari za Everton wala Leicester. Aliuliza, "Mzee, ile mechi ya Soweto, si mimi nilifunga mbili?"

"Ulifunga."

"Sasa zimekatwa na zenyewe?"

Nikamwambia mabao yapo, pointi ndizo zimeondoka. Akafikiria. "Kwa hivyo tulishinda, lakini hatukushinda." Nikamwambia aende akaoge.

Nikapanda matatu kwenda mjini, manyunyu mawili yakadondoka kwenye kioo, nauli ikapanda ishirini palepale. Kando yangu jamaa anazungumza na simu kwa sauti ya mnadani, anamwambia mtu yuko Thika, nasi tuko Donholm. Nikanyamaza. Nimekuwa mtu wa kunyamaza.

Nyumbani jioni nikamweleza mke wangu mambo yote, nikikwepa ile sehemu ya kodi. Akasikiliza mpaka mwisho, anapepeta mchele. Akauliza, "Hizo elfu mbili zimetoka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za Portsmouth.

Hajaniambia neno tangu Jumamosi. Mwenye nyumba amepita leo, tarehe mbili, sijui nani kamwambia. Nilikuwa nyuma ya pazia na mtoto nimemziba mdomo, na huyu mtoto, ambaye siku nyingine hata umpe peremende hasemi, akachomoka mkononi mwangu akaita, "Baba yuko!" Maji nayo hayajatoka tangu Alhamisi, na ndoo tatu nilizokuwa nimeweka akiba jirani amezikopa. Anasema atarudisha.