Chuma cha wati 60 ama stesheni? Kwanza tuongee mambo ya stima

Juzi nilikuwa Luthuli, mtaa wa elektroniki pale Nairobi, nimesimama kwa benchi ya mzee mmoja fundi, na kijana wake alikuwa anamsumbua wanunue stesheni ya kulehemu, ile ya kuzungusha kitufe unachagua digrii. Mzee akamjibu, "Kijana, solda haijui mashine yako ni ya pesa ngapi." Watu wakacheka, maneno yakaisha. Mimi nikaondoka nikiona hayakufaa kuisha hapo.

Mzee hajakosea yote. Chuma cha kawaida cha kulehemu, kile cha kuchomeka moja kwa moja kwa soketi, ni bei rahisi, kinaingia kwa begi, ukipanda juu ya mabati kurekebisha waya za sola hakuna mtu atabeba stesheni huko, na kikiungua leo jioni kesho asubuhi uko na kingine. Na hawa mafundi wa zamani joto wanalipima na masikio: anagusisha biti, ile ncha ya moto, kwa sponji yenye maji, anaskiza vile inalia, akiona imezidi anachomoa plagi. Huo ni ujuzi wa miaka. Kama kazi yako ni redio mbili na chaja kwa wiki, kaa na chuma chako.

Shida ni watu kudhani stesheni unanunua ndio upate moto mkali zaidi. Chuma cha wati 60 kisicho na sensa ya kupima joto kikikaa tu kwa stendi kinazidi kupanda, kinaweza kupita digrii 400, biti inakuwa nyeusi, solda inakataa kushika inateleza tu kama maji kwa jani la nduma, halafu ukigusa sehemu pana ya athi (earth) kwa bodi joto lote linanyonywa na chuma hakina pa kuongezea. Stesheni iko na sensa pale kwa hita, biti ikipoa inasukuma stima, ikifika penye umeweka inapunguza. Na wati zinaweza kuwa zile zile 60.

Sasa kuna hesabu moja hainiachi. Nguvu ya hita haishuki sawa na volti, inashuka na mraba wa volti. Chuma kimeandikwa wati 60 kwa volti 240. Saa moja jioni Kayole ama Githurai kila nyumba imewasha kitu, volti zinashuka hadi 200, na mtu anasema aah, ni kidogo tu. Gawa 200 kwa 240, jibu lizidishe kwa hilo hilo, unapata kama 0.69, yaani chuma chako sasa ni cha wati 42 hivi! Volti zimepungua asilimia 17 na nguvu imeenda karibu asilimia 31. Usiku wa manane stima ikipanda hadi 260 hicho hicho kimekuwa cha wati 70. Kwa hivyo ule mkono wa mzee, wenye naheshimu kabisa, unashika chuma tofauti asubuhi na jioni bila kuambiwa. Stesheni nayo haijaepuka, transfoma yake pia inashuka, itachelewa kupata moto na itachelewa kurudi ukigusa kitu kikubwa, lakini ukiweka 350 ikitulia ni 350.

Na bodi za siku hizi hazisamehi. Tangu Umoja wa Ulaya ukataze lead kwa vifaa vingi vya elektroniki mwaka wa 2006, solda nyingi ya kiwandani inaanza kuyeyuka kama digrii 217, na ile ya lead ya 63/37, yaani bati 63 na lead 37, ni 183. Sasa unahitaji joto zaidi kwa pedi ndogo zaidi, vile vipande vya kopa unalehemu juu yake. Ukikawia hapo gundi ya kopa inaachilia, pedi inang'oka, na mteja anaambiwa "bodi ilikuwa imekufa." Imekufa ama imeuawa?

Penye stesheni zinaniudhi ni kopi. Hakko 936, stesheni ya Kijapani, imeigwa mpaka basi, na namba unaona ni ya sensa, ncha ya biti ni stori ingine, kwa sababu kwa muundo huo biti ni kofia tu imevalishwa hita na kuna hewa katikati. Zile stesheni za biti aina ya T12, hita na sensa ziko ndani ya biti yenyewe, zinajibu haraka, ila kila biti unanunua na hita yake na mfuko unasikia. Mimi ningechukua T12, na biti ya patasi, ile ya sindano yenye huja nayo ibaki kwa boksi.

Ukienda kununua beba kipande cha solda ya 60/40 mfukoni. Weka 170, haifai kuyeyuka. Weka 210, iyeyuke. Halafu mita ikiwa kwa ohm, kutoka ncha ya biti hadi pini ya athi kwa plagi, isome karibu sifuri, na kama plagi ni ya miguu miwili, ile ya kufungulia soketi na kalamu, athi hauna hata ungelipa mara mbili. Muuzaji akikwambia hawezi kuichomeka kwa sababu boksi likifunguliwa halirudi, jirani yake anauza hiyo hiyo.