Waacheni Watoto Waitazame Wenyewe

Juzi niliketi na watoto wa dada yangu kutazama filamu ya Shaun the Sheep, ile ya kondoo aitwaye Shaun, na nyuma yetu alikuwapo mtu mzima aliyenichemsha damu. Hakunyamaza. "Mnaona, sasa kondoo ana huzuni." "Mnaona, yule ni mtu mbaya." Filamu nzima haina mazungumzo, naye akajitwika kazi ya kuwasemea wote, mbwa na kondoo kwa pamoja.

Sikumjibu pale kwa sababu ya watoto. Nasema hapa.

Filamu hiyo ya mwaka 2015 imezaliwa na katuni ya televisheni iliyoanza 2007, yenye vipindi vya dakika saba hivi. Kondoo hulia, mbwa hubweka, mfugaji hunguruma maneno yasiyoshikika, basi. Sasa chukua kitu cha dakika saba ukivute hadi karibu saa moja na nusu. Kishawishi ni kuwapa wanyama ulimi, na katuni nyingi zikitoka kwenye televisheni kwenda sinema huharibikia hapo hapo: kila mhusika anaeleza anavyojisikia. Mark Burton na Richard Starzak, walioiandika na kuiongoza, walikataa. Waliwaamini watoto, na imani hiyo ndiyo mtu wa nyuma yangu alikuwa anaivunja sentensi baada ya sentensi.

Kuna pale Shaun anapomkuta mfugaji wake saluni. Mzee amepoteza kumbukumbu mjini, amebaki na mikono tu inayojua kunyoa, na sasa ni kinyozi maarufu. Shaun anamtazama kwa matumaini yote aliyosafiri nayo. Mzee anamwona kondoo tu, kondoo yeyote, na kumfukuza. Uso wa Shaun ni udongo wa kufinyanga, macho ni mipira miwili myeupe yenye vidoti, lakini kope zikishuka kidogo tu, kifua chako kinabana. Kumbuka kwamba sekunde moja ya filamu ni picha 24, na vikaragosi hivyo husogezwa kwa vidole, kidogo kidogo. Mtu alikaa akaishusha ile kope kwa mkono wake.

Mpwa wangu wa miaka mitano aliacha kutikisa miguu. Akaninong'oneza, "Mjomba, amemsahau."

Alikuwa amelifikia mwenyewe. Hakuambiwa na mtu. Na kabla sijamjibu, sauti ikatoka nyuma: "Mnaona, huyo baba hamkumbuki tena kondoo wake." Mtoto akageuka. "Tunajua," akasema, na sijawahi kumsikia akisema neno kwa unyonge namna ile.

Haya, nakubali kwamba mtoto mdogo sana huhitaji kushikwa mkono mara moja moja, na mtoto asiyeona ana haki ya kuelezwa kila kitu. Nakubali pia kwamba mbio za yule mkamata wanyama, Trumper, ni ndefu kuliko inavyohitajika. Lakini fikiria mtoto asiyejua Kiingereza. Katika filamu nyingine hubaki akitazama midomo yetu sisi wakubwa, akisubiri tumgawie hadithi vipande vipande, na akicheka anacheka nyuma ya wenzake. Kwenye filamu hii anacheka nao pamoja. Kwa nini tumrudishe tena kwenye foleni?

Usiku, kondoo wakiwa wamejificha mjini mbali na nyumbani, wanaanza kuuimba wimbo uleule wa siku ambazo mfugaji alikuwa kijana nao wakiwa wanakondoo. Wanauimba kwa sauti zao za kondoo, wakipokezana. Hapo hata mtu wa nyuma alinyamaza. Tulipotoka, mpwa wangu alikuwa ameshika kidole changu, midomo imefungwa, akiuimba kwa pua mpaka tukafika nje.